Salamu za Krismasi, Pamoja na Tarehe Tunazoziruka

Kwenu nyote, wa damu na wa ndoa, majirani wa ploti na majirani wa shamba, wanachama wenzangu, na wewe uliyefikiwa na ujumbe huu kupitia mkono wa mtu mwingine: heri ya Krismasi. Mungu aliyetufikisha Desemba na atuvushe Januari tukiwa wazima. Walio na wagonjwa, awape nguvu. Waliozika mwaka huu, poleni sana. Sikukuu ya kwanza bila mtu wenu huwa ndefu.

Stendi zimejaa tayari. Nauli za kwenda magharibi zimepanda kama zinavyopanda kila Desemba, na watu wanalipa, maana ni nani mwenye moyo wa kumpigia mama yake simu amwambie mwaka huu haji? Ukipita barabara ya Nakuru kwenda Eldoret wiki hii utakuta magari yamebeba unga wa ngano, mafuta ya kupikia na blanketi mpya za wazee, watoto wamelala mapajani mwa watu wasiowajua, na gari zima likivuka ukungu wa Timboroa kwa pamoja. Mimi naupenda msimu huu kuliko mwingine wowote. Nasema hivyo mapema ili jambo ninalolileta, la damu iliyomwagika Kenya baada ya uchaguzi wa 2007, lisidhaniwe ni la mtu anayetaka kuharibu karamu.

Barabara hiyo hiyo ina safari nyingine ambayo hatuiimbii. Uchaguzi mkuu unapokaribia, kama tulivyoona 2013, 2017 na 2022, baba humsindikiza mke na watoto hadi stendi, huwakatia tiketi ya kwenda ushago, kisha hurudi peke yake kulinda nyumba. Watoto huambiwa wanakwenda kumsalimia nyanya. Konda anaelewa. Mwenye nyumba anaelewa. Jirani wa mlango wa pili anaelewa vizuri zaidi, kwa kuwa naye amewasindikiza wake asubuhi ile ile, kwa gari linaloelekea upande mwingine. Wote wanaagana kwa tabasamu na hakuna anayelitaja jambo lenyewe.

Jambo lenyewe lilianzia katika wiki hii ya Krismasi. Mwaka 2007 sikukuu iliangukia Jumanne. Alhamisi tarehe 27 tulipiga foleni tukapiga kura. Jumapili tarehe 30 Rais Mwai Kibaki akatangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, akaapishwa Ikulu jioni ile ile, upinzani ukayakataa matokeo, na moshi ukapanda Kibera, Kisumu na Eldoret. Jumanne iliyofuata, siku ya Mwaka Mpya, kanisa la Kenya Assemblies of God kule Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu ndani. Wengi wao walikuwa kina mama na watoto wa Kikuyu waliokimbilia pale wakiamini kwamba kanisani hakuna mkono utakaowafikia. Ilikuwa wiki moja kamili tangu Krismasi. Kabla Januari haijaisha, moto ulikuwa umegeukia upande wa pili: Nakuru, kisha Naivasha, ambako tarehe 27 Januari nyumba ilitiwa moto na watu 19 wakafia ndani, wengi wao Wajaluo, kina mama na watoto vilevile. Na kule Nyanza wengi wa waliokufa hawakuuawa na jirani, waliuawa na risasi za polisi.

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza vurugu zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Waliofukuzwa makwao walizidi laki sita.

Kuna kitu kimoja cha wiki zile ambacho sitaki kipotee, hasa kwa kuwa leo nami nawatumia ujumbe. Tulitumiana heri za Krismasi kwa simu zile ndogo za vibonye, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Haukupita muda, simu zile zile zikapokea ujumbe wa kuwataja watu wa kabila fulani kama wadudu, wa kuwataka waondoke, wa kuwahimiza wengine wajitayarishe. Tume iliupokea ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi. Uliandikwa na watu wa kawaida, ukapelekwa kwa watu wa kawaida, na kila aliyeupokea aliamua mwenyewe kama utaishia kwake. Ndiyo maana siamini kwamba salamu ni kitu chepesi.

Mapatano ya Kibaki na Raila yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008 nje ya Jumba la Harambee, Kofi Annan akishuhudia. Nchi ikashusha pumzi, na kimya kikaanza. Hatukuweka siku ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa. Tarehe zao zimebaki zimejificha ndani ya sikukuu yetu, kati ya chapati za Krismasi na karo ya Januari, nasi tumejifunza kuziruka.

Siwalaumu walionyamaza. Watu walirudi kuishi ua kwa ua na waliowachomea. Huwezi kuteka maji na jirani kila asubuhi huku ukimuuliza alikuwa wapi Januari ile. Kuna familia za Burnt Forest zilizochomewa 1992, zikajenga, zikachomewa tena 2008. Mtu wa namna hiyo akiniambia anataka tu kulima na kulala, nitampisha alime na alale. Lakini kimya kikizidi miaka kinaacha kuwa mapumziko. Kinaingia katika tabia ndogondogo, na mtoto anazirithi tabia bila kupewa sababu yake.

Angalia tunavyoulizana majina. Dada anajitambulisha, “Naitwa Grace.” Anaulizwa, “Grace nani?” Mpaka lile jina la pili litoke, mazungumzo yamesimama mlangoni. Likitoka, uso wa muulizaji unafunguka au unafungwa; anajua sasa ataongea siasa gani, atasimulia mzaha upi, atamwamini kwa kiasi gani. Anayetafuta nyumba ya kupanga Nakuru au Eldoret huuliza ploti ina watu gani kabla hajauliza kama maji yanakuja. Na ndani ya matatu, hili ndilo linaloniuma zaidi, simu ya mama inaita, mtu anatazama kushoto na kulia, kisha anajibu kwa Kiswahili: “Niko kwa gari, nitakupigia.” Mtu mzima anaogopa kuongea na mama yake kwa lugha ya mama yake. Hakuna aliyemkataza. Anakumbuka, au amefundishwa na mtu anayekumbuka, kwamba kulikuwa na siku ambazo lafudhi ilitosha kukuua.

Sisemi kabila ni ugonjwa. Wiki hii mtakapofika nyumbani mtaitwa majina ambayo ofisini hayatajwi, na moyo utatulia. Otieno ameitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa usiku. Kiprono alizaliwa jioni, mbuzi wakirudi nyumbani. Kamau anabeba jina la babu yake, na babu akilitamka humtania mjukuu kana kwamba anajiita mwenyewe. Majina haya ni zawadi, yamejaa saa, mifugo na wafu wetu. Vizuizi vya barabarani vya Januari 2008 vililisoma kila jina kwa swali moja tu: huyu ni wa huku au si wa huku? Vijana waliokuwa na mapanga walidai vitambulisho. Kitambulisho cha Kenya hakiandiki kabila, lakini jina na wilaya uliyozaliwa vilitosha.

Tabia ya kumsoma mtu hivyo ilifunzwa, tena kwa sheria. Kuanzia miaka ya 1920 mkoloni alimtundika mwanamume Mwafrika kipande shingoni, ndani ya kijisanduku cha chuma, na kabila lake likiwa limeandikwa humo. Akachora maeneo ya kila kabila na kuwafukuza watu wa Bonde la Ufa ili walowezi wapate mashamba. Uhuru ulipokuja, ardhi ile haikurudi moja kwa moja kwa waliofukuzwa. Nyingi ilinunuliwa na wenye uwezo na makampuni ya wanunuzi wa ardhi, wakiwemo maskini waliotoka mbali na kulipa kwa jasho lao. Pande zote mbili zina hoja ya kweli mkononi, na ndiyo maana mwanasiasa akitaka kuwasha moto hahitaji kubuni uongo mkubwa. Anachukua kweli ya upande mmoja na kuinyima kweli ya upande wa pili.

Jirani zetu wa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, waliliondoa kabila katika kitambulisho na wakaamua kwamba hadharani kuna Mnyarwanda tu. Sisi tulichukua njia nyingine. Sheria ya utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na huwezi kuitekeleza bila kuwahesabu watu kwa jamii zao. Katiba ya 2010 inalinda lugha na utamaduni wa kila mtu, na papo hapo inakataza chama cha siasa kuundwa kwa msingi wa kabila. Kwa maneno mengine, tuliambiwa tubaki na makabila yetu, ila yasitumike kumnyang'anya mwingine kazi, kura wala shamba. Naiunga mkono njia yetu. Siamini mtu huponywa kwa kukatazwa kusema yeye ni nani. Ila njia hii inatudai zaidi sisi raia, maana sheria inaishia kwenye mlango wa ofisi. Hakuna kamishna atakayekaa mezani kwako tarehe 25 mjomba atakapoanza kuwasema “watu wale”.

Agosti 2009, mwaka mmoja na nusu tu baada ya moshi ule, maafisa wa sensa walibisha hodi na kuuliza kila mtu kabila lake. Zaidi ya watu laki sita walijibu “Mkenya” na wakaandikwa hivyo hivyo. Wapo waliosema huko ni kukwepa swali. Mimi nadhani wengi wao walisema kweli yao. Fikiria mama Mkisii aliyeolewa na Mkalenjin, watoto wamezaliwa Nakuru na lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Karani ataandika nini? Kwa desturi ataandika kabila la baba, na nusu nzima ya mtoto itabaki nje ya karatasi.

Ninyi wa nyumba za namna hiyo nawasalimu kwa upekee. Januari ile kuna waume waliotakiwa na ukoo wao kuwarudisha wake zao kwao, na kuna waliokubali. Kuna watoto waliohesabiwa adui pande zote mbili katika wiki moja. Hata leo, Krismasi ikifika, kwenu swali la tunakwenda wapi si la nauli peke yake: kwa kina baba watoto wataambiwa wanaongea lugha vibaya, kwa kina mama wataambiwa hawa ni wa watu. Kama mko miongoni mwa ndugu zangu na mwaka huu mmeona bora mbaki mjini, njooni kwetu, na watoto wenu wasiulizwe na mtu yeyote wao ni nusu nini. Nimeshawaambia wazee wangu na wamekubali, hata yule mnayemdhania.

Wapo wengine ambao kimya chetu kimewagharimu kuliko kilivyotugharimu sisi. Mei 2008 ilipoanza Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa serikali wa kuwarudisha waliofukuzwa, kaya zilizokuwa kambini ziliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga. Baadhi ya vikundi vilichanga zile elfu kumi kumi wakanunua ardhi Mai Mahiu na kuanza upya, na heshima yangu kwao haina mfano. Lakini waliokimbilia kwa jamaa zao, badala ya kwenda kwenye mahema, wengi hawakuhesabiwa. Bado wako kwa jamaa, katika chumba cha nyuma, na wajomba wamechoka bila kusema. Kesi za kule The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, zilifikia mwisho wake 2014 na 2016 bila mtu kutiwa hatiani kwa mauaji yale. Kina mama waliobakwa walisubiri zaidi: Desemba 2020 ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua kwamba serikali iliwakosea, na ikaamuru wanne kati ya waliokwenda mahakamani walipwe fidia. Ukikutana na mama wa umri huo anayekaa kando sikukuuni, asiyecheza wala kucheka sana, usimwite mwenye kiburi. Msogezee kiti.

Kuna pia kimya cha watu wema, na hiki hatukisemi kabisa. Katika kila eneo lililoungua walikuwepo waliomficha jirani, waliomvusha mtoto wa watu mpaka kituo cha polisi wakidai ni wao. Kwa nini hatuwajui? Kwa sababu kwa watu wao wenyewe tendo lile lilionekana usaliti, na mpaka leo anayelitaja anaweza kuulizwa siku ile alikuwa upande gani. Wengi wao sasa ni wazee. Wanakufa nalo, na sisi tunabaki kuwasimulia watoto kwamba mwaka ule kila kabila lilisimama na watu wake. Hiyo si kweli, na ni uongo unaowapa wanasiasa kazi rahisi sana.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Niliwaamini na bado nawaamini. Wamekua na Sheng kuliko na lugha za babu zao, wamesoma pamoja, wamepoteza wenzao pamoja mbele ya Bunge tarehe 25. Wanasiasa nao hawakukawia kurudi kwenye hesabu za “watu wetu” na “zamu yetu”, na sidhani vijana wanaweza kuzishinda hesabu hizo bila kujua zilivyowahi kufanya kazi. Wengi hawajawahi kusimuliwa. Wamesikia “vurugu za uchaguzi” kama jina la somo shuleni. Hawajui kwamba shangazi anayewapikia aliwahi kulala Showground ya Eldoret na mtoto mchanga mgongoni. Na wapo waliozaliwa ndani ya mahema yale yale, Eldoret na Nakuru. Hao ni watu wazima sasa, na Agosti 2027 watapiga kura ya kumchagua rais kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Basi ombi langu la Krismasi ni hili. Mkiwa nyumbani, watoto wakubwa wakiwa wameshiba na simu zimewekwa kando, mzee mmoja asimulie. Asimulie ya kwetu na ya kwao. Kama katika boma lenu kulikuwa na aliyebeba kiberiti, si lazima atajwe mbele ya watoto wadogo, lakini isisemwe kwamba hakuwepo. Kama kulikuwa na aliyemficha jirani, atajwe kwa jina na apigiwe makofi, hata kama kuna watakaonuna. Na yule mjomba akianza “watu wale”, mtu wa rika lake amjibu pale pale kwa heshima. Asiachiwe kijana wa chuo ambaye ataambiwa hana adabu. Ni kazi ya wenye mvi. Watoto wanatazama nani ananyamaza.

Hapa kwetu tumepanga tarehe 27, saa nane mchana, baada ya pilikapilika za wageni kupungua. Tumeialika ploti yote, wenye imani ya Kikristo na ya Kiislamu, na watu wa chama chetu cha kuchangiana. Kila nyumba ije na mmoja anayekumbuka 2007 na mmoja aliyezaliwa baadaye. Atakayependa kuongea kwa lugha ya kwao aongee, na wa nyumbani kwake atatutafsiria. Atakayependa kukaa tu, akae. Hakutakuwa na mwanasiasa, wala kipaza sauti, wala picha za kutumwa mahali. Tutataja Kiambaa na Naivasha na Kisumu kwa pumzi moja, kisha tutakula.

Chapati na pilau ni juu yetu. Wenye viti vya plastiki naomba mvilete mapema. Mkitoka mbali nipigieni mkifika stendi, kuna kijana atawachukua. Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya wenye baraka kwenu na kwa majirani zenu wote.